Mama Apoli

Nyumba tuliyopanga Itetemia ilikuwa na vyumba vitatu, bomba moja la maji na ua mdogo uliozungushiwa matofali ya kuchoma. Mwenye nyumba, Mzee Mabruki, aliishi mjini na tulimwona mara mojamoja. Chumba cha mbele nilikaa mimi, Sakina, mwanamke niliyeachika, sina mtoto wa kulea wala mume wa kupikia. Cha nyuma kabisa walikaa Levina na mumewe Prosperi. Cha katikati kilikuwa cha wapita njia. Watu waliingia, wakakaa miezi sita au mwaka, wakahama, na majina yao tukayasahau. Mpaka alipokuja Mwalimu Stela.

Itetemia yetu ni mahali ambapo wengi huja kulala tu. Maisha yao yako mjini. Saa kumi na mbili asubuhi barabara inajaa baiskeli, pikipiki na bajaji, wote wanaelekea upande mmoja. Ikifika saa mbili, kumebaki kuku, wagonjwa na akina mama wachache. Mimi nauza vitambaa katika duka moja pale sokoni, kwa hiyo nilikuwa wa kuondoka. Prosperi, fundi seremala, aliondoka na baiskeli yake kabla yangu. Levina alibaki. Aliweka cherehani yake barazani na kushona sare za shule, kushona mashuka, kupunguza suruali za watu. Ukimkuta jioni, yuko palepale ulipomwacha asubuhi.

Levina na Prosperi ni watu wa Ulyankulu, wazee wao walitoka Burundi zamani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyependa umbea. Nilikaa naye miaka miwili kabla hajaniambia kwamba alizaa mara tatu. Wawili wamezikwa Ulyankulu. Wa tatu alikaa siku kumi na moja, akafia hapa Tabora. Aliniambia hayo akiwa anatunga uzi kwenye sindano, na alipomaliza kuutunga alikuwa amemaliza kusema. Hakurudia tena.

Stela alikuja na mumewe Adriano na mtoto wa miezi saba. Adriano alikuwa fundi umeme, kutwa yuko safarini, mara Urambo, mara Nzega, nyumbani anakuja kubadilisha nguo. Stela alifundisha darasa la kwanza katika shule moja mjini. Mtoto aliitwa Apolinaria, jina la bibi yake mzaa baba. Sisi tukamwita Apoli, na mama yake tukamwita Mama Apoli, kama ilivyo desturi.

Walikuwa na msichana wa kazi. Wiki ya pili msichana akaaga kwamba anakwenda kusuka nywele, akaenda moja kwa moja. Asubuhi yake Stela alisimama uani na mtoto mkononi na mkoba begani, machozi yamemlengalenga, saa kumi na mbili na nusu, na darasa la watoto zaidi ya sitini linamsubiri.

Levina akaacha kufagia. "Mwache hapa, mwalimu," alisema. "Mimi siendi popote."

"Dada Levina, nitakusumbua."

"Utanisumbua nini? Mlete."

Ilikuwa ni kwa siku ile moja. Siku ile ikawa miaka minne.

Apoli alijifunza kutambaa juu ya vipande vya kitambaa vya kaki na vya bluu. Alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa cherehani, na siku alipopiga hatua zake tatu za kwanza alizipiga kutoka mguu ule wa cherehani hadi kwenye magoti ya Levina. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimerudi mapema na homa. Levina aliniangalia, akasema, "Usimwambie mwalimu. Mwache azione mwenyewe jioni, afikiri ndiyo za kwanza." Na jioni Stela alipofika, mtoto akasimamishwa ukutani, akatembea. Stela alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Levina alipiga makofi pamoja na wengine.

Stela hakuwa mama mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo walionisikia nikisimulia habari hii wakamlaumu. Alikuwa anarudi saa kumi na mbili jioni amechoka, chaki kwenye vidole, sauti imekauka kwa kufundisha watoto wa wenzake, na wa kwake anamkuta ameshakula, ameshaoga, anasinzia. Alimletea Levina sukari, sabuni, mara moja doti ya kanga nzuri. Levina alivipokea ili asimvunje moyo. Ujira hakuutaka kabisa. Stela alipolitaja jambo hilo mara ya kwanza, Levina alinyamaza siku mbili.

Mtoto alipoanza kusema, alimwita Stela mama. Kwa Levina alisema Mavina. Nadhani alikuwa anajaribu kusema Mama Levina, likamshinda, likabaki hivyo. "Mavina, maji. Mavina, kuku." Tena alichanganya na Kirundi, maana ndicho Levina alichombembelezea. Akianguka, hakulia, alijipapasa goti mwenyewe na kujiambia "humura, humura", yaani tulia, usiogope. Sisi tulicheka. Stela naye alicheka, lakini siku moja tukiwa kwenye bajaji aliniambia, "Unajua, Sakina, mwanangu anaongea maneno nisiyoyaelewa. Mimi Mnyamwezi, baba yake Mnyamwezi. Inabidi niulize kwa jirani mwanangu anataka nini."

Nilimjibu kwa mzaha. Ningekuwa na akili ningesikia.

Tulikuwa tunapanda bajaji moja kila asubuhi, mimi na yeye. Safari ile ndiyo ilikuwa baraza letu. Tulipeana habari zote za mtaa, nani kahama, nani kanunua kiwanja. Na asubuhi moja ya mwezi wa nane, sikuwa na habari nyingine ya kumpa, nikampa hii.

"Mwalimu, jana nimecheka peke yangu. Nimemkuta Levina dukani kwa Ngollo. Alivyotoka, Ngollo akamwita, 'Mama Apoli! Mama Apoli, umesahau kiberiti chako!' Na mwenyewe akageuka, akaitika abee, akachukua kiberiti, huyo akaenda zake. Una bahati bwana, mtoto ana mama wawili."

Stela alicheka. Alicheka kidogo tu, halafu akageuza uso wake upande wa barabara. Niliposhuka nikamwambia siku njema, akaitikia kama mtu aliyeulizwa swali asilolisikia.

Siku zilizofuata alianza kurudi mapema. Sijui alikuwa anaombaje ruhusa. Alimwogesha mtoto mwenyewe, akampikia uji mwenyewe, na kama mtoto ameshakula kwa Levina, alimlisha tena. Apoli alikataa, akafunga mdomo, uji ukamwagika kifuani. Levina alikuwa barazani anasikia yote. Alikanyaga cherehani kwa nguvu ili mlio wake ufunike.

Kisha Jumamosi moja mtoto akashikwa na homa. Stela alikuwa nyumbani. Alishampa dawa, akambeba, anamzungusha uani wakati mimi nafua. Mtoto analia, "Mavina, Mavina." Stela anamwambia, "Mama nipo. Mama nipo hapa." Mtoto akajinyoosha mgongo kama ubao, akamsukuma mama yake kifuani kwa viganja vyote viwili, anageukia mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa umefungwa. Levina alikuwa ndani na hakutoka, ingawa najua alikuwa anasikia. Alivumilia kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu angeweza.

Mwishowe Stela alivuka ua, akagonga mlango ule. Levina akafungua.

"Anakuita wewe," Stela alisema, akamnyooshea mtoto.

Apoli aliangukia bega la Levina, akanyamaza palepale. Usingizi ukamchukua hata kabla Levina hajakaa. Stela akabaki amesimama, mikono bado imekunjwa kama ya mtu aliyebeba kitu.

"Dada Levina," akasema. "Dukani wanakuitaje?"

Levina aliinua macho. Hakujaribu kukwepa. "Wananiita Mama Apoli."

"Na wewe unaitika?"

"Ninaitika."

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye beseni na povu mikononi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kwa nini?"

Levina alifikiri. Alikuwa anamtikisa mtoto polepole. "Siku ya kwanza nilitaka kumsahihisha. Nikasema ngoja, leo tu. Nilitaka kujua inakuwaje mtu anapoitika." Akambadilisha mtoto bega. "Ni jina tu, mwalimu. Nikitoka dukani naliacha hukohuko."

"Huliachi," Stela alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Hata mimi ningekuwa wewe nisingeliacha."

Kabla mwezi haujaisha walipata chumba Chemchem. Sababu waliyotupa ilikuwa ni karibu na shule, na ilikuwa kweli, maana kutoka Chemchem Stela angeweza kwenda kazini kwa miguu, na palikuwa na mama mmoja anayelea watoto wa wafanyakazi. Adriano alikuja na kirikuu, tukapakia kitanda, meza, ndoo, godoro. Prosperi alirudi kutoka kazini mapema makusudi, akasaidia kulifungua kabati vipandevipande na kuvifunga vizuri kwenye gari. Alikuwa mtu asiyesema sana.

Apoli alikuwa na furaha. Miaka minne na nusu, gari mlangoni, angekosaje furaha? Alikuwa anakimbia kutoka kwenye gari hadi barazani, anauliza, "Mavina, hii yako tunapakia lini?" Anagonga cherehani. "Na hiki kiti? Babu Prosperi atakaa wapi?"

Levina akachuchumaa, akamfunga kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa. "Nyinyi tangulieni," alimwambia.

"Utakuja na baiskeli?"

"Tangulia, mwanangu."

Stela alikuwa ameshapanda mbele. Alisikia neno lile, akaangalia kioo. Adriano akamnyanyua mtoto, akampakata, gari likaondoka. Apoli alitupungia mkono kwa kuchangamka, kama watu watakaoonana baadaye.

Levina alichukua ufagio akafagia chumba cha katikati. Hakikuwa chake, na Mzee Mabruki angemleta mtu wa kukifagia. Alifagia mpaka pembeni. Alikuta kalamu ya rangi chini ya dirisha, akaiweka kwenye mfuko wa gauni, akaendelea.

Aliniomba nimsindikize Chemchem baada ya wiki tatu. Ilikuwa Jumapili, ametoka misa ya kwanza. Alikuwa ameshona gauni la maua lenye mfuko mmoja kifuani, kwa sababu Apoli alipenda kuhifadhi vitu. Njia nzima alilishika mapajani, hakuliacha hata tulipokuwa tunashuka.

Stela alitupokea vizuri. Alitusalimu, akatandika kitambaa kwenye kiti, akatupa soda. Alikuwa amekonda. Nilipouliza mtoto yuko wapi, alionyesha pazia. "Amelala. Leo ndiyo amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu tuhamie."

Tukakaa. Levina hakugusa soda.

"Dada Levina," Stela alianza, na nikaona amelifikiria jambo hili siku nyingi, kama somo. "Alilia siku tisa. Hakula kwa yule mama. Alikuwa anakaa mlangoni anasubiri baiskeli. Mimi nilimwomba Mungu nirudi Itetemia, kweli nilimwomba. Siku ya kumi, jioni, alikuja mwenyewe, akanilalia hapa." Akaweka kiganja kifuani. "Mwenyewe. Sikumwita."

"Ahsante Mungu," Levina alisema.

"Akikuona leo, tutaanza upya. Mimi nitaanza upya. Sina nguvu hizo." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Najua ulivyomlea. Hakuna nitakachokulipa. Lakini nakuomba, dada yangu, usije. Si milele. Mpaka azoee."

Nilimwangalia Levina. Nilitegemea aseme kitu, walau aseme kwamba mtoto hakulelewa na mbwa. Alikunja gauni mara mbili, akalilaza kwenye meza, akalinyoosha kwa mkono.

"Naweza kumwona akiwa amelala?"

Stela akainuka, akasogeza pazia. Levina alisimama kizingitini. Apoli alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya kichwa, mguu umetoka nje ya shuka. Alikuwa amesukwa mtindo tusioujua. Levina aliangalia kwa muda ambao mtu anaweza kusali Baba Yetu moja bila haraka. Aliinama kidogo kama anayetaka kuufunika ule mguu, akajizuia. Akarudi nyuma.

"Usimwambie tulikuja," alisema.

Wakati wa kurudi tulitembea, hatukupanda chombo. Tulipopita reli, nilishindwa kuvumilia.

"Levina, mimi ndiye niliyesema. Ya dukani. Nilimwambia kwenye bajaji, nilidhani ni kichekesho."

"Najua. Mwalimu aliniambia."

"Na mbona hukunigombeza?"

"Ungesema uongo, ningekugombeza."

Tukaendelea kutembea. Siku hiyo ningefurahi kama angenitukana.

Chumba cha katikati walikuja kukaa vijana wawili wa chuo, baadaye mama mmoja muuza asali. Levina aliendelea kushona. Dukani kwa Ngollo hakwenda tena. Alikwenda duka la mbali, karibu na barabara kuu, ambako hawakumjua, na huko walimwita mama tu, kama wanavyoitwa wanawake wote wa umri wake. Hatukumtaja mtoto. Mara moja tu, mvua za mwaka huo zilipoanza na radi ikapiga, Levina aliinuka ghafla kutoka kwenye kiti kama aliyekumbuka kitu, akasimama katikati ya baraza, akaketi tena. Apoli alikuwa anaogopa radi.

Ukapita mwaka na zaidi. Desemba, kabla ya shule kufunguliwa, Levina alikuja dukani kwetu sokoni kuchukua uzi na vifungo. Duka lilikuwa limejaa wazazi. Nilikuwa nakata kitambaa cha bluu niliposikia sauti ya Stela. "Sakina, habari za siku nyingi! Nataka cha sketi na cha shati, darasa la kwanza."

Alikuwa ameshika mkono wa msichana mrefu mwembamba, meno mawili ya mbele yameng'oka.

Stela alimwona Levina. Wote wawili walisimama. Kisha Stela alifanya jambo ambalo mpaka leo namshukuru kwalo. Hakuondoka. Alimsogeza mtoto mbele, akasema, "Msalimie."

Apoli alimtazama Levina kwa heshima, macho ya mtoto aliyefundishwa adabu. "Shikamoo."

"Marahaba," Levina alisema. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Humkumbuki?" Stela alimuuliza mtoto. "Apoli, humkumbuki kabisa?"

Mtoto aliangalia chini, akaona aibu, akajaribu kufikiri. Nilimwona anajaribu. Levina akamwokoa. "Alikuwa mdogo sana," alisema. "Mwache, mwalimu. Atakumbukaje?"

Wateja nyuma walikuwa wananiharakisha. Stela akageukia kitambaa nilichokuwa nakata. "Sina fundi," alisema. "Yule wa Chemchem anachelewesha. Ungeweza, dada Levina..."

"Naweza."

Levina akatoa futi yake ya kitambaa kwenye mkoba. Akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya duka, kati ya miguu ya watu. Alimpima kiuno. Alimpima urefu kutoka kiunoni hadi gotini, akaongeza inchi mbili za kukulia. Akampima mabega, na hapo aliweka viganja vyake viwili juu ya mabega yale, akaviacha kidogo kuliko kazi ilivyohitaji. Apoli alisimama wima bila kutikisika, kama watoto wanavyosimama mbele ya fundi, akipapasa mapengo ya meno yake kwa ulimi.

"Tayari," Levina alisema, akainuka kwa kushika kaunta.

"Asante, fundi," mtoto alisema.

Levina hakuandika vipimo. Nilimpa kalamu, akatikisa kichwa.

Sketi na shati vilikuwa tayari baada ya siku mbili. Aliviweka kwenye mfuko, akanipa mimi nivipeleke Chemchem, akisema ana kazi nyingi. Sikumbishia. Nilivipeleka, Apoli akavaa mbele yangu, akazunguka, sketi ikafunguka kama mwavuli. Stela alisema nimwambie Levina karibu nyumbani, wakati wowote, sasa hakuna tatizo. Nilijua kwamba nitaufikisha ujumbe huo, na nilijua Levina hatakwenda.

Niliporudi, Levina alikuwa anaosha mchele kwenye bomba. Prosperi alikuwa ameketi barazani anakunywa maji. Nikamwambia Levina sketi imekaa vizuri, na Stela anamkaribisha. "Haya," alisema. Akamwaga maji ya mchele, akaweka mengine.

Prosperi ndiye aliyeuliza. Miezi yote ile sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo.

"Amekua?"

"Amekua, shemeji."

"Amefika wapi?"

Nikasimama kando ya mlango wao, nikaweka kiganja mahali kichwa cha mtoto kingefika, juu kidogo ya komeo. Prosperi alipaangalia. Levina naye aligeuka, na bakuli mkononi, akapaangalia. Nilikuwa nimesimama vile, sijui niushushe mkono lini, mpaka Levina aliposema niingie ndani tule, wali utakuwa tayari sasa hivi.